Jumamosi za Mama Mtendaji

Siku hizi Jumamosi zangu hazina mwenyewe. Nafua, naenda sokoni, napika maharage ya siku mbili, na bado mchana unabaki mrefu mbele yangu. Kabla sijapata hii shahada ya uzamili niliyoitundika ukutani, Jumamosi ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa Mama Mtendaji.

Ndivyo tulivyomwita darasani, na wahadhiri nao wakazoea. Alikuwa mtendaji wa kata moja upande wa Mbuba, wilayani Ngara. Mimi nilikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata ya jirani, mzaliwa wa Rulenge, sina muda mrefu kazini. Chuo kimoja kilikuwa kimefungua darasa la mwisho wa juma mjini Biharamulo, la utawala wa umma, kwa watumishi wasioweza kuacha kazi zao. Tulikuwa walimu, wauguzi, watu wa halmashauri. Wengi tulilingana na watoto wake. Tulisomea kwenye ukumbi wa kukodi wenye bati tupu, na mvua ikinyesha mhadhiri alinyamaza tukatazamana mpaka ipungue.

Siku ya kwanza mhadhiri alikuwa kijana mwembamba aliyetoka Mwanza alfajiri. Aliingia, akamwona mama wa makamo amekaa mstari wa mbele, ushungi umefungwa vizuri, akasita.

"Shikamoo, mama."

Darasa zima lilingoja marahaba. Haikutoka. Mama Mtendaji alisimama kama sisi tulivyosimama.

"Mwalimu, humu ndani mimi ndiye wa kukusalimu wewe. Habari za asubuhi?"

"Nzuri," kijana akajibu, akaanza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

Saa ya chai Mama Mtendaji alimfuata nje. "Haya, sasa tumetoka. Niamkie." Akaamkiwa, akaitikia marahaba ndefu iliyosikika hadi barabarani, kisha akamkatia kipande cha mkate wa kumimina aliotoka nao nyumbani. Kuanzia hapo mhadhiri yule alikuwa na salamu ya ndani na salamu ya nje, na sikumwona akizichanganya.

Tulikuwa tukisafiri pamoja Ijumaa mchana kutoka Ngara. Lusahunga, malori ya Rusumo yanapopumzika, alinunua mahindi ya kuchoma akala kabla hayajaiva sawasawa, maana hakuweza kungoja. Njia nzima alijisomea kwa sauti. Siku moja alikuwa akinieleza nadharia ya urasimu: kila jambo na ngazi yake, kila ngazi na sahihi yake. Dereva akageuza shingo. "Hiyo naijua, mama. Ndiyo inayonisimamisha kila siku." Mama Mtendaji alimhoji mpaka tunafika Biharamulo, na kwenye mtihani akamtumia kama mfano. Alipata alama nzuri kwenye swali hilo. Ijumaa iliyofuata alimtafuta dereva yule stendi nzima ili ampongeze.

Biharamulo nililala kwao Mama Mtendaji. Nyumba ilikuwa ya mama yake, nyumba ya zamani ya wafanyabiashara wa mjini, yenye duka la vitambaa mbele na uani kisima. Bibi alikuwa na Kiswahili cha pwani, kilichokaa Biharamulo miaka yote bila kupata kutu. Nilipokula kwake mara ya kwanza nikasema, kwa adabu zangu zote, "Chakura kitamu, Bibi." Alicheka mpaka akafuta machozi kwa upande wa kanga. "Chakura mtakula kwenu Rulenge, mjukuu wangu. Hapa kula chakula." Baadaye kila niliposhika sahani aliniuliza, "Leo umepewa nini?" nami nikalisema neno polepole, herufi kwa herufi, naye akapiga makofi.

Kila mtu alitaka kujua kwa nini mwanamke aliyekaribia kustaafu anasomea uzamili. Kila mtu alipata jibu lake. Diwani aliambiwa, "Nataka nikikuandikia ripoti usiielewe." Jirani aliambiwa ni kwa ajili ya kupunguza unene, maana kutoka kwao hadi ukumbini ni mlima. Bibi hakuuliza, alitoa hukumu. "Akili aliyonayo imekwisha kuwakimbiza waume wawili. Anaongeza ya nini?"

"Wa tatu asije kabisa, mama," Mama Mtendaji alimjibu, na wote wawili wakacheka kicheko kimoja.

Mimi nilipata jibu langu Jumamosi moja tukitoka darasani, jua limelala upande, vitabu tumevibana kwapani. Nilikuwa nimelalamika. Nilikuwa nimechoka, nikasema kozi hii ni maneno matupu, kwamba hakuna jambo ndani yake linalomhusu mtu wa kijijini kwetu. Mama Mtendaji alipunguza mwendo.

"Zamani, wakimbizi walipojaa Lukole, mimi nilikuwa msichana," akasema. "Niliajiriwa kambini kwa sababu naandika vizuri. Kazi yangu ilikuwa kupanga mistari. Nikisema mstari uanzie hapa, watu wanaanzia hapa. Asubuhi moja mama mtu mzima, kabeba mjukuu, akaniuliza kwa upole kabisa: mwanangu, ni nani aliyeamua tusimame hapa juani, tusisimame pale penye kivuli? Nikatazama. Kweli kivuli kilikuwepo, na hakikuwa na mtu."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia sijui. Nikamuuliza mkubwa wangu, naye hajui. Akauliza wa juu yake, naye hajui."

"Ukawaacha?"

"Niliwahamishia kivulini. Nikaonywa kwa kuhamisha mstari bila ruhusa. Lakini aliyenionya hakunitajia aliyeuamua." Alihamisha vitabu kwapa la pili. "Masomo yetu yote, mwanangu, ni swali la yule mama. Wewe ukiliona ni maneno matupu, basi hujasimama juani."

Sikulalamika tena, angalau si mbele yake.

Ofisini kwake kulikuwa na benchi nje ya mlango, na hilo benchi ndilo lililokuwa kazi yake. Alipofika asubuhi hakuingia ndani. Alianzia mwisho wa benchi, akiwaamkia wazee kwa Kihangaza alichojifunza ukubwani, Kihangaza kilichopinda ambacho kiliwafanya akina mama wazibe midomo kwa mikono. Hakujali kuchekwa. Aliwauliza nani katoka mbali, nani ana mgonjwa nyumbani, nani ameacha mtoto. Nilikuwepo siku mzee mmoja alipomwambia, "Nimefuata balua yangu, mama, ile ya shamba." Akamwomba amweleze shamba lote, mpaka wake na jirani yake, wakiwa wamekaa pamoja benchini, na alipoinuka aliingia ndani akatoka na barua imeandikwa. Mzee alitaka kumpigia magoti. Akamshika kiwiko akamwinua kwa ukali. "Hiyo ni haki yako. Mtu hapigii magoti haki yake."

Nisimpambe lakini. Alikuwa mkali kupita kiasi. Mkutano wa kijiji ukipangwa saa nne, saa nne na dakika chache lango limefungwa, hata kwa wajawazito, na yeye mwenyewe darasani alichelewa karibu kila mara. Alikuwa na kinyongo kirefu. Diwani aliwahi kuwapita watu wa benchi akaingia ofisini bila kuuliza zamu, na Mama Mtendaji hakumsalimia kuanzia msimu wa kupanda hadi maharage yalipovunwa. Kungoja yeye mwenyewe hakuweza. Kwenye mgahawa wa chai alisimama mara kwa mara kwenda kutazama jikoni kama maji yamechemka. Nikamwambia siku moja kwamba mtu anayeandika tasnifu kuhusu kungoja anapaswa kujua kungoja.

"Daktari wa malaria lazima aumwe malaria?" akajibu, akaenda tena jikoni.

Ndiyo, hiyo ndiyo mada aliyoichagua: kungoja. Namna watu wanavyongoja kwenye ofisi za serikali, nani anangoja zaidi, nani hangoji kabisa, na nani anapanga. Wenzake sote tulichagua zile mada zinazopita bila taabu, mchango wa hiki katika utoaji wa kile. Yangu ilihusu vikundi vya wanawake, nikaipitisha mara moja. Msimamizi wa Mama Mtendaji alimrudishia pendekezo lake tena na tena. Kungoja si utawala, alimwandikia, kungoja ni hali. Muda wa kukamilisha ulikuwa unayoyoma, na chuo kilikuwa kimetangaza kwamba darasa la Biharamulo litafungwa baada yetu. Asipopita sasa, hapakuwa na mahali pengine pa kupitia, si kwa umri wake wala kwa mshahara wake.

Siku ya jopo la kupitisha mapendekezo walikuja wahadhiri watatu. Tuliwasilisha mmoja mmoja, kisha anayewasilisha anatoka nje kungoja uamuzi. Aliingia akiwa amevaa kitenge cha Eid. Mlango ulikuwa wazi kidogo, tukasikia.

"Mama, kungoja kuna nadharia gani?" mmoja aliuliza.

"Nadharia zipo, nimeziandika sura ya pili. Lakini mwalimu, tuanze na mlangoni. Mtu akikaa kwenye benchi langu tangu asubuhi hadi mchana, serikali kwake ni mimi au ni lile benchi?"

Karatasi zikafunuliwa. Wakamwambia atoke, watamwita.

Sisi wote tulikuwa tumeitwa baada ya muda mfupi. Yeye hakuitwa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki koridoni, akasimama, akakaa, akaenda hadi getini akarudi. Nilimletea maji, hakunywa. Nilimwona uso wake ukibadilika, ule ukali ukimtoka, nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: alikuwa anaogopa. "Wamenikataa," alinong'ona. "Wanatafuta maneno ya kumwambia mtu mzima."

Hatimaye akainuka, akabisha, akafungua. Ukumbi ulikuwa mtupu. Jopo lilikuwa limetoka kwa mlango wa nyuma, likaenda kunywa chai.

Tuliwakuta mgahawani, wamezungukwa na chapati. Mkubwa wa jopo alimwona, kikombe kikaishia njiani. "Mama! Samahani sana. Tulikwisha kukubaliana zamani. Tulidhani umeambiwa."

"Sikuambiwa."

"Umekaa pale muda wote huu?"

"Nimekaa." Akavuta kiti. Nilijua ulimi wake, nikajiandaa kumshika mkono. Lakini alisema kwa utulivu, "Mwalimu, unajisikiaje ukiniangalia sasa hivi?"

Mkubwa wa jopo aliweka kikombe chini. "Najisikia vibaya."

"Basi hayo ndiyo ninayotaka kuyaandika."

Walimpitisha, kwa sharti kwamba msimamizi ambadilishie kichwa cha tasnifu. Kikawa kirefu, kizito, cha mistari mitatu, na neno kungoja halimo. Nilidhani atapigana. "Jina ni lao," alisema. "Ya ndani ni yangu."

Nilimsindikiza kukusanya taarifa. Tulikaa kwenye mabenchi ya watu, mchana baada ya mchana, katika ofisi ambazo sitazitaja. Alikatazwa kuingilia, mtafiti anatazama tu. Siku moja kando yetu alikaa mama kijana mwenye mtoto mgongoni, amekuja kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na kila aliyepita alimwambia angoje. Mtoto alianza kulia, mama akaanza kulia naye bila sauti. Mama Mtendaji alitazama. Akatazama. Kisha akamkamata mkono wakaingia ndani pamoja, na nikasikia sauti yake ikipanda nyuma ya mlango. Walipotoka mama yule alikuwa na cheti.

"Si unakatazwa kuingilia?" nikamuuliza njiani.

"Huyo nimemtoa kwenye utafiti," akasema, "nikamtia ofisini."

Bibi alifariki tukiwa kwenye sura ya mwisho. Alianguka uani asubuhi, jioni hakuwepo. Nilifika toka Ngara nikakuta watu wamejaa hadi barabarani, Waislamu wa mjini, Wasubi wa vijijini waliomjua dukani, na watumishi wa kata waliokuja na pikipiki. Akina mama walinipisha nikakaa na Mama Mtendaji mkekani. Hakulia mbele yangu. Aliniambia tu, "Hakuna wa kukucheka tena," nami ndiye niliyelia.

Baada ya hapo aliacha kuandika. Simu hakupokea. Msimamizi alinipigia mimi. Kazini alikwenda, lakini walisema anapitia benchi haraka, anaingia ndani anafunga mlango. Masomo yetu ya darasani yalikuwa yamekwisha, hapakuwa tena na sababu ya kusafiri. Hata hivyo Ijumaa moja nilipanda gari nikaenda Biharamulo peke yangu. Nilimkuta ametoka Mbuba kwa mapumziko, amekaa dukani kwa mama yake katikati ya vitambaa, hauzi.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kusoma. Kesho Jumamosi."

"Darasa limefungwa."

"Basi tutasomea hapa."

Sikuwa na maneno ya kumfariji, na angeyakataa. Asubuhi nilifungua kompyuta yangu kwenye meza ya kukatia vitambaa, nikaanza kusahihisha kazi yangu mwenyewe. Alizunguka. Alitandika, akafagia, akanilaumu kwa kuchafua meza. Mchana ulipofika alivuta kiti. "Soma ulipofika." Nikasoma. "Sentensi hiyo mbovu," akasema. Akaniambia kwa nini mbovu. Kisha akaleta yake. Nilikwenda Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, na tulimaliza wote wawili kabla mvua za vuli hazijaanza.

Mahafali yalikuwa Mwanza. Alivaa joho juu ya baibui, kofia juu ya ushungi, na upepo wa ziwa ulikuwa unaipeleka kofia upande. Binti yake alikuwa amekuja kutoka Tanga. Jina lake liliposomwa alipanda jukwaani kwa hatua za mtu anayekwenda kufungua ofisi. Aliposhuka alikuja moja kwa moja kwenye kiti changu, akaniegemea begani, joho kwa joho, akakaa hivyo kwa muda mrefu. "Angekuwepo," alisema. Sikuuliza nani.

Shahada haikumpandisha cheo. Hakuna aliyeitegemea impandishe, pengine isipokuwa mimi. Aliendelea na benchi lake mpaka alipostaafu, na siku ya kumuaga walimpa mbuzi na kitenge. Nami nilihamishiwa makao makuu ya wilaya, kwenye meza, mbele ya mafaili. Tulipigiana simu, kisha tukatumiana salamu za sikukuu, kisha ikawa sikukuu kubwa tu. Mwanzoni nilidhani nimechoka na kazi mpya. Nilichelewa kuelewa kwamba nilikuwa namkumbuka mtu, na mkate wake wa kumimina, na ule ubishi wa njiani.

Mwaka huu kazi ilinipeleka Biharamulo, nikamaliza mapema nikashika njia ya nyumbani kwao. Duka lilikuwa limefungwa. Nilimkuta uani amezungukwa na mafurushi. Amekonda, mvi zimetokeza chini ya mtandio, lakini sauti ileile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa. Kaa juu ya hilo godoro, viti vimeshauzwa."

Anahamia Tanga, kwa binti yake. Nyumba wamempangisha mwalimu. Alinieleza yote hayo akifunga furushi, akivuta kamba kwa meno. Nikamsaidia kushika. Tuliulizana habari za wenzetu wa darasani, nani kahamia wapi, nani kaoa. Aliniuliza kama kazini naonana na watu. Nikamwambia naonana na mafaili. Alitikisa kichwa, akavuta kamba tena.

"Mama," nikasema, "Jumamosi nakaa tu. Sijui nifanye nini nazo."

Aliacha kamba. Alitazama chini, akaanza kulainisha kitambaa cha furushi kwa kiganja, mara nyingi, mahali palepale. "Usiniambie hayo," akasema. "Mimi kila Ijumaa mchana nasikia magari ya Ngara yakiingia stendi. Nanyanyuka. Nafika hapo mlangoni, ndipo nakumbuka."

Tulifunga lile furushi, tukafunga lingine. Muda wangu ulipofika alinisindikiza hadi stendi, ingawa goti lilikuwa linamsumbua na mlima ulikuwa uleule. Nikapanda, nikakaa upande wa dirisha. Alisimama chini, mkono wake juu ya kioo kilichofunguliwa nusu. Gari likawashwa.

"Mwanangu," akasema, akilazimika kupaza sauti, "sasa tutasoma nini?"

"Chochote, mama," nikamjibu. "Chochote utakachotaka."

Akacheka, akauondoa mkono. Gari likageuka kushika barabara ya Lusahunga, nami nikakaa nimegeuza shingo, nikimtazama akiwa amesimama pale katikati ya wauza mahindi, mpaka nyumba za mjini zikamficha.